Tukiingia Nyumba ya Zamani, Tuulize: Nani Alibeba?



Mwezi huu tutembee. Jamaa nyingi hapa kwetu zina mtoto au ndugu aliyefika Ulaya kwa njia ya ukimbizi au ya masomo. Wakituma picha kwa simu, munaona wamesimama mbele ya nyumba kubwa ya mawe, yenye madirisha mengi kuliko shule nzima, na majani ya uwanja yamekatwa vizuri. Mama anauliza: "Huyu mtoto amekwisha kununua nyumba?" Hapana, mama. Amelipa tiketi aingie kuangalia. Kule Uingereza kila jimbo lina nyumba za namna hiyo, za wakubwa wa zamani. Siku ya posho watu wanaenda huko na watoto wao, wanapita chumba kwa chumba, wanaangalia vitanda na sahani na picha za watu waliokufa, kisha wanakunywa chai. Chama kimoja cha kutunza mahali pa namna hii, National Trust, kilianzishwa mwaka 1895 na kinafanya kazi mpaka leo.

Kijana mmoja wa kwaya aliniuliza, wala si kwa ubaya: "Pasteri, sisi watu wa machimbo tutafanya nini na manyumba za wazungu wafu? Sisi tunatafuta chakula." Ulizo ni zuri, nami nilimjibu hivi. Nyumba ya zamani ni mwalimu, lakini ni mwalimu anayependa kusema habari za wakubwa. Inakuonyesha haraka kitanda cha bwana. Aliyebeba mawe ya ukuta ule, aliyebeba maji ya kuoga ya bwana yule, huyo lazima umtafute. Na mtu anayejua uzito wa mfuko wa madini mgongoni, kwenye mlima, wakati wa mvua, ndiye anafaa kuingia mle na kuuliza: nani alibeba?

Niwaonyeshe na nyumba moja. Inaitwa Newstead Abbey, iko katika jimbo la Nottinghamshire. Mwanzo ilikuwa nyumba ya watawa. Mfalme Henry VIII alipofunga nyumba za watawa, ikaingia mikononi mwa jamaa ya Byron mwaka 1540, na mmoja wa ukoo huo akawa mshairi wa sifa kubwa. Mshairi alikuwa na madeni, akaiuza mwaka 1818. Aliyeinunua, Thomas Wildman, aliitengeneza upya kwa pesa nyingi, na pesa hizo zilitoka katika mashamba ya miwa ya kisiwa cha Jamaica, mashamba yaliyolimwa na watumwa Waafrika. Kwa hiyo, kabla hatujapita mlangoni, jibu moja tumekwisha kulipata.

Mwaka 1861 ikanunuliwa na William Webb, mwindaji aliyekuwa amekutana na David Livingstone huku Afrika. Livingstone alikaa kwake miezi mingi, mwaka 1864 na 1865, akiandika kitabu cha safari zake za mto Zambezi. Angalieni jambo hili: nyumba iliyopambwa kwa jasho la watumwa ikampa meza na taa yule aliyepaza sauti juu ya biashara ya watumwa.

Mwaka 1874 watu wawili Waafrika walifika katika nyumba hiyo hiyo. Walikuwa Abdullah Susi, wa Shupanga kwenye mto Zambezi, na James Chuma, Myao, aliyekombolewa utotoni katika msafara wa watumwa mwaka 1861. Kuna picha iliyopigwa huko: wako pamoja na watoto wa Livingstone na Horace Waller, aliyekuwa akitengeneza maandiko ya mwisho ya Livingstone yawe kitabu. Waller aliwahitaji. Mambo ya miezi ya mwisho hakuna Mzungu aliyeyaona, waliyaona wao.

Waliyaona namna gani? Hapa munivumilie, maana habari hii inafundishwa kwa kifupi mno katika shule za Jumapili.

Livingstone alikufa katika kijiji cha Chitambo, katika nchi inayoitwa leo Zambia, mwanzo wa Mei 1873. Watu wake wangeweza kumzika pale na kurudi kwao. Nani angewalaumu? Wakashauriana, wakaamua kumrudisha kwa watu wake. Moyo wake waliuzika chini ya mti, na Jacob Wainwright, kijana aliyesoma katika shule ya misioni kule India, akasoma ibada ya maziko. Mwili waliutia chumvi, wakaukausha kwa jua, wakaufunga kwa kitambaa na gome la mti, wakautundika kwenye mti mrefu wa kubebea mabegani. Kisha wakashika njia ya pwani. Kundi lilikuwa la watu kama 60. Njia ilikuwa zaidi ya kilomita 1,500. Walitembea miezi mingi, wengine wakafa njiani kwa ugonjwa.

Karibu na Tabora walikutana na Waingereza wa msafara wa Cameron, waliotumwa kumtafuta Livingstone. Hao wakawashauri wamzike papo hapo. Wabebaji walikataa. Mbele zaidi, wenyeji hawakutaka maiti ipite katika nchi yao. Wabebaji wakafanya akili: wakafunga mabua ya mtama kama mfano wa maiti, wakatuma watu wayarudishe nyuma, kana kwamba wanaenda kuzika. Mwili wenyewe wakaukunja ndani ya furushi, ukafanana na robota la nguo la biashara. Ukapita. Nikisoma habari hiyo nacheka kidogo na kulia kidogo, maana ni akili ya watu wa kwetu kabisa, akili ya kupita bariera.

Wanawake na watoto walikuwamo pia. Halima, aliyekuwa mpishi wa Livingstone, alifuata maiti mpaka pwani. Na katika maandiko hayo ya mwisho limebaki jina la msichana mdogo, Losi. Alikuwa anatembea katika mstari na mtungi wa maji kichwani, nyoka akamuuma, akafa. Ninyi wamama wa Goma munaotuma watoto ziwani na bidoni kila asubuhi, jina hili mulishike.

Wakafika Bagamoyo Februari 1874. Maiti ikalala katika misioni ya Mapadri wa Roho Mtakatifu, iliyoanzishwa 1868 (ndiyo, Wakatoliki, na walimpokea Mprotestanti kwa heshima, tuseme kweli). Wabebaji walilipwa, wakaambiwa kwaheri. Meli ikaondoka. Wainwright peke yake ndiye alisafiri na sanduku mpaka Uingereza, nauli ikilipwa na misioni ya Anglikana, na tarehe 18 Aprili 1874 alikuwa kati ya wenye kulisindikiza katika kanisa la Westminster Abbey, London. Susi na Chuma waliitwa baadaye, maziko yamekwisha.

Juu ya jiwe la kaburi lile wameandika kwamba aliletwa na mikono ya waaminifu kupita nchi na bahari. Ni neno zuri. Lakini mikono haina majina! Mutasoma jiwe lote, Susi hayumo, Chuma hayumo, Halima hayumo. Susi aliishi mpaka 1891. Alibatizwa mwaka 1886, miaka kumi na miwili baada ya kazi ile kubwa, na jina alilochagua lilikuwa David.

Katika Biblia mifupa ya Yusufu ilibebwa kutoka Misri mpaka Shekemu, miaka mingi ya jangwa. Munajua nani aliishika? Tunasoma kwamba Musa aliichukua. Musa hakuwa na mabega ya miaka arobaini peke yake.

Sasa, wapi munaweza kwenda? Newstead iko mbali, na walio huko Uingereza ndio wanaweza kuifikia. Ni mali ya mji wa Nottingham tangu 1931 na watu wanaingia. Ninyi mulio huko, mukiingia mumuulize anayewatembeza habari za Jamaica na habari za Susi na Chuma. Muulize kwa adabu, lakini muulize.

Kwa sisi wa huku, iko Ujiji. Wakati njia zikiwa salama, mtu wa Goma anapanda bato mpaka Bukavu, anashuka na barabara mpaka Uvira, anatafuta njia ya Kigoma, na Ujiji iko kilomita chache tu kutoka Kigoma mjini. Tangu vita vilipoingia mjini mwetu Januari 2025 sitamwambia mtu aifunge safari hiyo kwa haraka. Lakini jamaa zetu walio kambini Tanzania na wafanyabiashara wa ziwa wako karibu nayo. Ndipo Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871. Kuna jiwe la ukumbusho, na miembe iliyozaliwa na ule mwembe wa zamani, na ndani ya makumbusho kuna sanamu mbili za wazungu wanaovua kofia kusalimiana. Watoto wanapenda kupiga picha na hizo. Waacheni wapige. Kisha muwasimamishe mahali pa wazi, muwaambie: hapa palifika misafara kutoka Bagamoyo na Tabora, na kutoka hapa ikavuka ziwa kwenda Kasongo na Nyangwe, katika Maniema yetu. Pembe za ndovu na watu waliofungwa vilipita hapa kwa kurudi. Na Kiswahili kiliingia kwetu kwa njia hiyo hiyo. Lugha tunayoombea ilikuja ndani ya nchi yetu na wabebaji.

Nyangwe isiachwe nyuma. Julai 15, 1871, siku ya soko, watu wa wafanyabiashara walianza kupiga bunduki katikati ya wanawake waliokuja kuuza samaki na vyungu. Mamia walikufa, wengine kwa risasi, wengine wakizama mtoni. Livingstone alikuwapo akaona, na ripoti yake iliwatikisa Waingereza. Juni 1873 Sultani wa Zanzibar akalazimika kufunga soko la watumwa. Aliandika siku zile juu ya karatasi za gazeti kuukuu, kwa wino wa matunda, mpaka maandishi yakafifia kabisa. Mwaka 2011 wataalamu waliyasoma tena kwa taa na kamera za pekee. Wakaona kwamba alipoyaandika upya alibadili mambo fulani, na kwamba huenda baadhi ya watu wa kundi lake mwenyewe hawakuwa na mikono safi siku ile. Wengine watanikasirikia kwa kuyataja haya katika gazeti la kanisa. Mimi sioni sababu. Biblia haikumficha Daudi na habari ya Uria.

Pale Nyangwe hakuna makumbusho ya kulipia tiketi. Zanzibar, mahali pa soko lile, kanisa la Anglikana lilianza kujengwa mwaka 1873, na mgeni anaweza kuingia. Na katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, nyumba ya Tippu Tip, yule mtawala wa Kasongo, ingali inasimama.

Nitawaambia nyumba ninayoipenda kuliko zote katika habari hii, na si ya bwana mkubwa. Iko Blantyre, Uskoti. Livingstone alizaliwa hapo mwaka 1813, katika jengo la wafanyakazi wa kiwanda cha pamba ambamo jamaa 24 ziligawana vyumba. Jamaa yake nzima ilikaa katika chumba kimoja: wanalala humo, wanapika humo, wanaombea humo. Akiwa na miaka 10 akaingia kiwandani, kutoka saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa mbili usiku. Ninyi watoto munaoosha mawe ya madini mtoni badala ya kwenda darasani, huyo alikuwa mwenzenu. Jengo lile halikubomolewa. Lilifunguliwa kuwa makumbusho mwaka 1929, na lilipotengenezwa na kufunguliwa upya mwaka 2021, waliongeza habari za Waafrika waliosafiri naye. Hivyo ndivyo ninavyopenda nyumba ijirekebishe.

Tervuren, Ubelgiji, nako kuna marekebisho. Mwaka 1897 Leopold II aliwaleta Wakongo 267 waonyeshwe kwa watu katika vijiji vya kutengeneza. Saba walikufa: Ekia, Gemba, Kitukwa, Mpeia, Zao, Samba na Mibange. Wamelazwa kando ya kanisa la mji ule. Ndani ya makumbusho makubwa yaliyofunguliwa 1910 uko ukuta wenye majina ya Wabelgiji 1,508 waliokufa Kongo wakati wa Leopold. Majina ya Wakongo hayakuwapo. Msanii wetu wa Kinshasa, Freddy Tsimba, aliandika majina ya wale saba kwenye vioo vya dirisha. Jua likiingia, vivuli vya majina yao vinaangukia juu ya majina ya Wabelgiji. Ndugu zangu wa Brussels, muende siku ya jua.

"Na hapa Goma, Pasteri? Sisi hatuna nyumba ya zamani." Ni kweli kidogo. Lava ya Januari 17, 2002 ilifunika katikati ya mji wetu, hata katedrali ya Mtakatifu Yosefu. Iliyotangulia ilikuja 1977, nyingine ikashuka Mei 2021. Bunduki nazo zimefanya yake. Mji ambao kila miaka ishirini unaanza upya hauna dari za kuwekea masanduku ya mababu. Hata vitabu vinaposema kwamba Mjerumani von Götzen alipanda Nyiragongo mwaka 1894, ni jina lake tu tunalo. Alikuwa na mamia ya watu wenye mizigo. Nani alimbebea hema mpaka juu? Nyiragongo haikutunza daftari.

Lakini tuna kitu ambacho miji mikubwa haina. Kule wameweka katikati ya mji mfalme juu ya farasi. Sisi tumeweka chukudu! Sanamu ya rangi ya dhahabu, katika mzunguko wa barabara, ya mtu na gari lake la mti analobebea viazi, makaa na mbao kutoka milimani. Kila siku munapita hapo kwa moto bila kuangalia. Jumapili moja muwapeleke watoto kwa miguu. Muwaulize uzito wa chukudu ikiwa imejaa, nani aliichonga, mti gani ulitumika, kutoka Kibumba ni saa ngapi. Na babu mwenye chukudu awepo aeleze. Huyo anashinda kiongozi yeyote wa makumbusho.

Ninyi wa Kalima, wa Kamituga, wa Manono, munaishi ndani ya makumbusho bila kujua. Nyumba za matofali za makambi ya makampuni ya Wabelgiji ni ndugu za lile jengo la Blantyre. Nimesikia watu wanang'oa matofali wauze. Najua njaa. Hata hivyo kabla tofali la mwisho halijatoka, mzee aliyezaliwa mle aulizwe: walilala wangapi? Posho ilikuwa nini? Filimbi ya kazi ililia saa ngapi? Baba yake aliletwa kutoka wapi, kwa mapenzi yake ao kwa nguvu?

Katika Yoshua sura ya 4 watu kumi na wawili walitoa mawe katikati ya Yordani, kila mmoja na jiwe begani, ili watoto wa kesho waulize maana yake. Nehemia sura ya 3 ni orodha tu ya majina ya waliojenga ukuta, na wahubiri wengi tunairuka kwa sababu ni ndefu. Makanisa yetu mengi hapa Goma yana msingi wa mawe ya lava yaliyobebwa kichwani na vijana na wamama, baada ya ibada, bila malipo. Mlangoni tunaandika jina la mkubwa aliyekuja kukata utepe.

Basi nawaomba kitu. Kila parokia ichague vijana wawili wenye mwandiko mzuri. Waende kwa wazee wa kwanza, waandike nani alibeba mawe ya kanisa lao, nani alileta maji, nani alipikia mafundi. Majina mawili-mawili, la nyumbani na la ubatizo, na mwaka kama unajulikana. Mukabidhi karatasi kwa mchungaji wenu ailete kwenye mkutano wa wachungaji, nasi tutayachapa hapa, ukurasa kwa ukurasa, hata kama yatajaza miezi sita. Muandike kwa biki, maana penseli inafutika na mvua kabla haijafika Goma.